Ardhi Ndiyo Nyumba ya Kupe

Wafugaji wengi wamtafutapo kupe hutazama sikio la ng'ombe. Lakini kupe wa kahawia akaaye masikioni, aletaye ndigana, hupanda juu ya mnyama mara tatu tu maishani mwake, siku chache kila mara, na kila ashibapo huanguka chini. Siku zake nyingine zote huzimaliza ardhini na katika majani. Kwa hiyo mwenye kutaka kumshinda yampasa aijue ardhi.

Kupe jike akishiba damu huanguka, akajificha katika nyufa za udongo au chini ya majani makavu, akataga mayai elfu kadhaa, kisha akafa. Udongo ukiwa mtupu na jua likaupiga, mayai hunyauka. Ukifunikwa na nyasi nene, unyevu hudumu na mayai huanguliwa. Watoto wa kupe, wenye miguu sita, hupanda ncha za majani kungojea mnyama. Wakikaukiwa hushuka hadi karibu na udongo, wakafyonza unyevu wa hewa, kisha wakapanda tena. Ndiyo sababu kupe huyu husitawi katika nchi za juu zenye mvua na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini hasitawi katika nchi kavu ya Turkana.

Je, ng'ombe waachwe wamalize nyasi ili kupe wafe? Hasha! Mvua ikinyesha juu ya ardhi tupu huchukua udongo wenye rutuba, na ng'ombe hubaki na njaa. Nyasi zihifadhizo udongo ndizo zimhifadhizo kupe pia.

Wala kulipumzisha malisho mwezi mmoja au miwili hakutoshi, maana kupe mkubwa akaaye penye unyevu aweza kungoja bila chakula zaidi ya mwaka mzima. Tena, kupe mchanga aliyenyonya ng'ombe mgonjwa hubaki na ugonjwa hata baada ya kujivua ngozi ardhini, akampa mnyama mwingine.

Basi nyasi zitunzwe, ua ujengwe kuwazuia ng'ombe wazururao, na mifugo iogeshwe joshoni kila juma bila kukosa, hasa mvua zianzapo, wakati kupe wakubwa wawapo wengi. Dawa nayo iwe na nguvu ipasayo, kwani iliyozimuliwa mno huwaacha kupe hai. Hapo ng'ombe mwenyewe huwa mtego: kupe apandaye juu yake hufa kabla ya kurudi ardhini kutaga.