Jinsi Ultrasaundi Inavyopima Maji Yanayozunguka Mapafu Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mkazi wa Mabamba, kata iliyo mpakani mwa Tanzania na Burundi katika Wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kufika Dar es Salaam anapohitaji upasuaji mkubwa wa moyo. Baada ya kurejea nyumbani, akianza kubanwa na pumzi, yeye na familia yake hukabiliwa na swali zito: je, ni uchovu wa kawaida wa kidonda kinachopona, au ni dalili inayohitaji matibabu ya haraka?

Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza kufanyika nchini mwaka 2008 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Tangu mwaka 2015, huduma hiyo imekuwa ikitolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI). Miongoni mwa wanaofanyiwa upasuaji huo ni wagonjwa ambao valvu za moyo wao ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa ipasavyo.

Mojawapo ya mambo yanayojitokeza mara kwa mara baada ya upasuaji huo ni maji kujikusanya kati ya tabaka mbili za utando unaozunguka mapafu. Kwa mtu mwenye afya, nafasi hiyo huwa na maji kidogo sana yanayolainisha mapafu yanapotanuka na kusinyaa. Baada ya upasuaji, maji huweza kuongezeka kutokana na mwili kuitikia jeraha, damu kuvuja, au moyo kutosukuma damu kwa nguvu ya kutosha. Mara nyingi maji hayo huonekana zaidi upande wa kushoto, na yanapokuwa machache huisha yenyewe. Yanapokuwa mengi, hulikandamiza pafu na mgonjwa hushindwa kupumua vizuri.

Picha ya eksirei husaidia kuyabaini, lakini ina mipaka yake. Kwa mgonjwa aliyesimama, maji hufikia takribani mililita 200 kabla ya kuonekana bayana katika picha ya mbele ya kifua. Kwa mgonjwa aliyelala, maji husambaa nyuma ya pafu na ni rahisi zaidi kutoonekana.

Ultrasaundi hufanya kazi kwa njia tofauti. Kifaa kinachowekwa juu ya ngozi hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha hupokea mwangwi wake. Maji huyapitisha mawimbi hayo bila kuyarudisha, hivyo huonekana kama eneo jeusi katika kioo cha mashine, kati ya ukuta wa kifua na pafu. Kipimo hiki hakitumii mionzi, hufanyika kando ya kitanda, na kinaweza kurudiwa kila inapohitajika. Mashine yenyewe ni ya aina ileile inayotumika kuwapima wajawazito.

Mbali na kuonesha kuwa maji yapo, ultrasaundi huwezesha kukadiria kiasi chake. Mwaka 2010, madaktari wa Tübingen nchini Ujerumani walichapisha kanuni rahisi kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Mgonjwa akiwa ameketi, hupimwa umbali kati ya pafu na kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Umbali huo, kwa milimita, huzidishwa kwa 16 ili kupata mililita za maji. Kwa mfano, umbali wa milimita 30 huashiria takribani mililita 480, yaani karibu nusu lita.

Hata hivyo, namba hiyo ni makadirio. Uamuzi wa kutoa maji kwa sindano au mpira hutegemea pia hali ya upumuaji ya mgonjwa. Inapobidi kuyatoa, ultrasaundi humwonesha daktari mahali salama pa kuchoma na kupunguza hatari ya kutoboa pafu. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wakiwemo wengi waliowekewa valvu bandia, anapaswa kumweleza daktari mapema, na asiache dawa hizo bila kuelekezwa.

Kwa wananchi wanaoishi mbali na hospitali kubwa, manufaa yake ni dhahiri. Hospitali ya karibu yenye mashine hiyo na mtaalamu aliyefunzwa inaweza kubaini tatizo, kupima kiasi cha maji na kuwasiliana na madaktari waliofanya upasuaji kabla ya kuamua iwapo mgonjwa apewe rufaa.

Aliyefanyiwa upasuaji wa moyo anashauriwa kufika kituo cha afya bila kuchelewa akibanwa na pumzi, hasa anapolala, au akipata maumivu ya kifua wakati wa kuvuta hewa, kikohozi kikavu kisichoisha, homa au uvimbe wa miguu. Ni muhimu pia kubeba taarifa za matibabu alizopewa wakati wa kuruhusiwa kutoka hospitali na kuhudhuria kliniki kwa tarehe zilizopangwa, hata anapojisikia amepona.