Je, Wajua? Filamu ya Picha 36 Chini ya Jua la Chaani

Je, wajua kwamba huenda tayari unaishi ndani ya kamera? Mchana wa jua kali, tazama sakafu ya nyumba ambayo bati lake limetobolewa na msumari. Yale madoa ya duara ni picha za jua lenyewe. Tundu hata likiwa na pembe tatu, doa hubaki duara. Sasa ziba madirisha kwa blanketi, acha kitundu kimoja kinachoelekea barabarani, na trela za mtaa wetu wa Chaani, Mombasa, zitapita ukutani magurudumu juu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyachunguza mambo haya miaka elfu moja iliyopita. Neno kamera lenyewe asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba.

Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa ndani ya kampuni ya kutengeneza filamu za kamera. Mhandisi Steven Sasson aliitengeneza Kodak mwaka 1975, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Januari 2012 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Filamu zenye jina lake bado zinatengenezwa hadi leo.

Filamu ya milimita 35 hutoa picha 24 au 36, basi. Hiyo ndiyo sababu ninawashauri vijana waanze nayo: kila ukibonyeza, umepunguza akiba. Weka daftari mfukoni uandike namba ya picha, tundu la lenzi na kasi ya shata, maana filamu haikumbuki kama simu inavyokumbuka.

Je, wajua unaweza kupiga picha bila kipima mwanga? Jua likiwaka na vivuli vikiwa vikali, weka tundu kwenye 16, na kasi ikaribie namba ya ISO ya filamu, yaani kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga: ISO 200, basi 1/250. Wingu jepesi, shuka hadi 11. Wingu la kawaida, 8. Wingu zito la masika, 5.6. Namba hizi huenda kinyume: ikipungua, tundu linapanuka. Lenzi ya milimita 50 ikiwa kwenye 2 ina tundu la milimita 25. Kwenye 16, ni kama milimita 3 tu.

Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu duniani ni kijivu. Mpige picha mzee aliyevaa kanzu nyeupe siku ya Idi, nacho kitaipaka kanzu hiyo ukungu. Mpige picha mama aliyevaa buibui, nacho kitalichubua buibui hadi lionekane limepauka. Kwa hiyo ukipima kanzu, ongeza mwanga ngazi moja (kama kutoka 11 hadi 8) au zaidi; ukipima buibui, punguza. Wakisimama pamoja, pima kiganja cha mkono wako mahali penye mwanga uleule wa pale waliposimama, kisha ongeza ngazi moja. Viganja vya watu havitofautiani sana, nyuso ndizo hutofautiana. Ukibaki na shaka, zidisha kidogo: filamu ya negatifu huvumilia wingi wa mwanga kuliko uhaba, tofauti na dijitali.

Wapwani tuliifahamu kamera mapema. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani hii na vyombo vya kupigia picha kati ya 1846 na 1848. Mjini Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilipokea maharusi na marafiki kwa miongo kadhaa. Lamu alikuwako Omar Said Bakor (1932–1993), aliyejifundisha mwenyewe, akikata na kuunganisha picha kwa mkono mpaka mtu akachomoza ndani ya ua. Na pale feri ya Likoni, miaka ya tisini, wapiga picha wengi kutoka bara walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa. Ghasia za Agosti 1997 zilipozuka Likoni zikiwalenga watu wa bara, wengi wao walikimbia.

Dawa ya kuoshea filamu nyeusi na nyeupe hupimiwa nyuzi 20, lakini maji ya Mombasa kwa kawaida hupita 25. Dawa yenye joto hufanya kazi haraka, na muda ukishuka chini ya dakika 5 filamu inaweza kutoka na mabaka. Tumbukiza chupa ya dawa kwenye ndoo ya barafu. Barafu isiingie kwenye dawa. Maji ya kusuuza nayo yawe na ubaridi ulio karibu na huo. Taa nyekundu ya chumba cha giza ni ya karatasi za picha nyeusi na nyeupe peke yake. Filamu huingizwa kwenye kopo la kuoshea gizani kabisa.

Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi. Usiifungie kwenye mfuko wa ngozi; itie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vya maboksi ya viatu vipya.

Unaposafiri kupitia uwanja wa ndege wa Moi, jirani wa Chaani, omba filamu ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za ukaguzi zinaweza kuiharibu ikiwa bado hujaiosha.

Na ukiipeleka filamu studio, sema mapema unataka negatifu zako. Zishike kwa kingo, uziinue dirishani: kanzu itakuwa nyeusi, na buibui jeupe.