Kisanamu kikianguka mezani, tazama kwanza mdomo wa mtoto

Mtoto wa miaka miwili amevuta kitambaa cha meza. Jeshi zima la visanamu, ambalo baba amelipaka rangi kwa miezi kadhaa, liko sakafuni. Upanga umekatika, bawa la joka limechomoka na kichwa cha askari kimeviringika chini ya kabati.

Kwa familia nyingi za Uingereza na Marekani, tukio kama hili si geni. Michezo ya vita ya mezani, kama Warhammer iliyoanza mwaka 1983 na ambayo makao ya kampuni yake yako Nottingham, Uingereza, huchezwa kwa visanamu vyenye urefu wa takribani milimita 28. Vingi huuzwa vikiwa vipande. Mchezaji huviunganisha kwa gundi, kisha hupaka rangi kimoja kimoja kwa brashi nyembamba.

Ndiyo maana ajali ikitokea, mwenye navyo huwahi kutazama visanamu vyake. Kiafya, hapo ndipo kosa linapoanzia. Kisanamu kinaweza kusubiri hadi kesho, lakini kipande kilichopotea hakisubiri.

Vimezoea kuanguka

Kuanguka ni sehemu ya historia ya michezo hii. Mwandishi H. G. Wells alipochapisha kanuni za mchezo wake wa vita mwaka 1913, askari wa risasi waliangushwa kwa mizinga midogo ya springi iliyorusha vipande vya mti.

Siku hizi, uimara wa kisanamu unategemea kimetengenezwa kwa kitu gani. Cha plastiki ni chepesi, hivyo hakigongi sakafu kwa nguvu. Gundi yake pia huyeyusha kidogo pande mbili za plastiki na kuzifanya kitu kimoja. Cha chuma ni kizito, na mara nyingi huunganishwa kwa supagluu, ambayo hushika haraka lakini haivumilii kishindo. Kikianguka, mikono huchomoka.

Wachezaji wazoefu wana dawa yake. Hutoboa tundu dogo pande zote mbili, wakaingiza kipande cha waya, kisha wakaweka gundi. Wengine hutumia sumaku ndogo zenye nguvu kushikilia mikono, au kubandika visanamu ndani ya boksi la bati ili visigongane safarini.

Sumaku inayookoa jeshi inaweza kumuumiza mtoto

Hapa ndipo mzazi anatakiwa kuwa makini zaidi. Mtoto akimeza sumaku mbili au zaidi, zinaweza kuvutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo. Ukuta wa utumbo hubanwa katikati, hukosa damu na unaweza kutoboka. Dalili za mwanzo huwa za kawaida tu: tumbo kuuma, kutapika, kukataa chakula. Ni rahisi kudhani ni chakula kibaya.

Kwa hiyo, ukihisi mtoto amemeza sumaku, usisubiri itoke yenyewe na usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja na umweleze daktari kuwa ni sumaku, maana kwenye picha ya eksirei zilizoshikana zinaweza kuonekana kama moja.

Hatari nyingine ni kupaliwa. Nchini Marekani, kifaa cha kuchezea cha mtoto wa chini ya miaka mitatu hakiruhusiwi kuwa na kipande kinachoingia chote katika kopo la majaribio lenye upana wa milimita 31.7. Kichwa au mkono wa kisanamu huingia humo bila shida. Nyumbani, kipimo rahisi ni lile bomba la boksi lililo katikati ya karatasi ya chooni. Kinachopita humo kiwe mbali na mtoto wa umri huo.

Vya zamani vina risasi

Visanamu vingi vya chuma vya kabla ya miaka ya 1990 vilikuwa na madini ya risasi. Hofu ya sumu ndiyo iliyowasukuma watengenezaji kuhamia kwenye mchanganyiko wa bati. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na madhara yake huweza kubaki maishani.

Kisanamu cha zamani kilicho kizito, kinachopinda kirahisi na kuacha mstari wa kijivu kwenye karatasi kina dalili za risasi. Kikiwa na unga mweupe, usiupulize wala kuukwangua. Asipewe mtoto kuchezea, na mtu mzima anawe mikono kwa sabuni baada ya kukishika. Ushauri huu unamhusu hata mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa aliyeletewa boksi la vifaa vya kuchezea vilivyotumika na ndugu aliye Ulaya.

Ajali ikitokea

Anza kwa mtoto: mwangalie mdomoni na mikononi. Akiwa amepaliwa na hawezi kukohoa wala kulia, na ana zaidi ya mwaka mmoja, muinamishe na umpige mgongoni, katikati ya mabega, mara tano. Ikishindikana, mbinye tumbo kwa ndani na juu mara tano, rudia, na mtu mwingine aite msaada. Aliye chini ya mwaka mmoja habinywi tumbo, bali kifua.

Akiwa salama, mtoe chumbani. Okota vipande vyote na uvihesabu, hasa sumaku, kisha fagia. Matengenezo yafanyike akiwa amelala. Supagluu ikinata kwenye ngozi usivute. Loweka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni.

Na kabla ya kumgombeza, kumbuka kuwa mtoto wa miaka miwili hajui thamani ya miezi ya kupaka rangi. Ameona joka zuri akalitaka. Bawa litabandikwa tena kwa waya na gundi. Jeshi lihamie kabati la juu, lenye kufuli.