Kutia Taa za Ziada katika Motakaa



Mtu asafiriye usiku katika njia za porini ajua ya kuwa taa mbili zilizotoka na motakaa kiwandani hazimtoshi. Taa hizo zilifanyizwa kwa ajili ya barabara nzuri, ambako magari mengine huja kwa mbele, na kwa sababu hiyo mwanga wake wa kawaida umeinamishwa chini. Porini mna makorongo, mna mawe, mna ng'ombe waliolala njiani, na pengine yumo ndovu, ambaye usiku rangi yake haiachani na rangi ya vumbi. Mashindano ya motakaa ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikwenda mchana na usiku, na madereva wake walipanga taa za ziada mbele ya magari yao.

Kuzifunga taa hizo juu ya bampa ni kazi ndogo: kekee, spana na bolti mbili zatosha. Kazi yenyewe ni nyaya. Wako watu ambao huona njia fupi. Huuchuna waya wa taa ya zamani, wakasokota waya wa taa mpya juu yake, wakafunga utepe, wakafurahi kwa kuwa taa zawaka. Na tuangalie jambo walilolifanya.

Nguvu ya umeme, ambayo wengine huiita stimu, hupimwa kwa volti, na wingi wa mwendo wake katika waya hupimwa kwa ampea. Wati ni volti mara ampea. Betri ya motakaa nyingi ni ya volti 12. Ukitia taa mbili za wati 55 kila moja, jumla yake ni wati 110. Gawanya kwa 12, utapata ampea 9 na kidogo. Waya na swichi ya zamani vilipimwa kwa mzigo wa taa zake tu, nawe sasa umevitwika mzigo wa pili ulio sawa na ule wa kwanza. Waya hupata moto, ngozi yake ya plastiki huyeyuka, na shaba iliyo uchi hugusa chuma cha gari. Hapo umeme hauna tena kazi ya kuwasha taa. Hupita moja kwa moja, na betri yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya hugeuka kaa la moto karibu na mafuta, na gari huteketea mbali na maji na mbali na watu.

Basi jambo la kwanza ni unene wa waya. Mfereji mwembamba hupitisha maji kwa shida, na waya mwembamba ni vivyo hivyo. Kanuni yake ilitolewa na Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827. Twaa waya wa shaba wenye urefu wa mita 5 na unene wa milimita mraba 0.75, upitishe zile ampea 9: karibu volti 1 nzima itapotea njiani. Twaa wa milimita mraba 2.5, na kitakachopotea ni kama theluthi ya volti. Msomaji atasema, volti 1 katika 12 si kitu. Ni kitu kikubwa. Taa yenye uzi wa chuma ndani yake hupungua mwanga upesi kuliko volti zipunguavyo, hata kwa kupoteza volti hiyo moja hupoteza kama robo ya mwanga wake. Watu wengi hununua taa za ghali, kisha wakailaumu taa kwa kosa la waya.

Jambo la pili ni fyuzi. Hiyo ni kipande cha chuma chembamba kilichowekwa makusudi kiyeyuke kabla ya waya kuungua. Kwa taa zetu mbili fyuzi ya ampea 15 yafaa. Nayo na iwe karibu na betri, kama shubiri moja hivi, wala isiwe mbali huko kwenye taa. Kwa maana fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu, na kipande kilicho kati yake na betri hakina mlinzi. Ikikatika, tafuta sababu. Kuweka msumari au karatasi ya sigara mahali pake ni kumfukuza mlinzi usiku wa wezi.

Jambo la tatu ndilo ambalo wengi hawalifahamu, nalo ni rilei. Rilei ni kijisanduku chenye mzingo wa waya ndani. Umeme mdogo, usiofika robo ya ampea, ukipita katika mzingo huo, huugeuza kuwa sumaku. Sumaku huvuta kipande cha chuma, na chuma hicho hufungua njia ya umeme mkubwa. Kwa hiyo swichi iliyo mbele ya dereva haibebi zile ampea 9. Yenyewe hutoa amri tu, kama mnyapara atumaye vijana kubeba mizigo. Chini ya rilei utaona namba. Namba 30 hupokea umeme kutoka betri kwa njia ya fyuzi. 87 huupeleka kwenye taa. 86 hupokea amri kutoka swichi. Na 85 huungwa na chuma cha gari.

Amri hiyo ni bora itoke katika waya wa mwanga mkali wa taa kubwa, ipite katika swichi yako, ndipo ifike kwenye rilei. Hivyo dereva akiinamisha taa zake kwa kuona gari lijalo, zile za ziada nazo huzimika pamoja. Jambo hili si la adabu tu. Mwendesha baiskeli aliyepigwa machoni na taa hizo haoni njia kwa sekunde kadhaa, naye yu kando ya korongo. Lakini angalia: katika motakaa nyingi za Japani, swichi hukata umeme upande wa kurudi, na njia hii haitafanya kazi bila mabadiliko. Pima kwanza kwa taa ndogo ya kujaribia.

Kabla ya kuanza, fungua waya wa betri wa upande wa kutoa, ili spana ikigusa chuma isitoe cheche. Mahali pa kuunga waya wa kurudi, kwaruza rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha paka grisi kuzuia kutu. Waya upitao katika tundu la bati uvishwe pete ya mpira, la sivyo bati litaukata kidogo kidogo kwa mtikisiko.

Taa za kisasa ziitwazo LED hutoa mwanga mwingi kwa umeme mchache, nazo hupunguza taabu hizi, ila fyuzi haziiondoi. Kwa zile za zamani, usiziwashe wakati injini imezimwa: betri ya ampea-saa 60 yaweza kwisha kabla ya alfajiri.

Kazi ikiisha, washa injini, washa taa, ungoje robo saa, kisha shika nyaya kwa mkono kutoka betri mpaka mwisho. Mahali popote palipo na joto, hapo pana waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Pafungue upya kabla hujasafiri.