Vyombo vya Kuazima Viwapo Safarini

Msimu wa harusi umewadia, na vyombo vya msikitini vinapakiwa garini kupelekwa mbali. Hivyo ni vya kuazima. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi mwambaoni, chombo kilichovunjika nje ya matumizi yaliyoruhusiwa hulipwa, hata kama mwazimaji hakuzembea. Bukhari amepokea kwamba sahani ilipovunjwa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), alirejesha nzima badala yake.

Basi, ndugu zangu, msizilaze sahani. Zikilala, ya chini hubeba uzito wa zote, na kila shimo la barabara huuzidisha. Zisimamisheni kwa ukingo, kama vitabu rafuni, kila mbili zikitenganishwa na kipande cha khanga kuukuu au karatasi. (Gazeti hili lisitumike, lina aya.) Vikombe na bilauri vijazwe karatasi ndani. Masinia na masufuria yawe na sanduku lao peke yake.

Kisha litikiseni sanduku. Kikisikika kitu kinagongana, ongezeni nguo mpaka kimya. Hesabu ifanyike mbele ya mtunza vyombo kabla ya gari kuondoka, nayo iandikwe.