Unapanga chumba na una mbwa? Usimfiche!

Vijana wenzangu, leo tuongee habari ya geto. Yaani kile chumba unachopangiwa jirani na shule kwa sababu nyumbani ni mbali. Wanafunzi wengi wa shule za kata wanaishi hivyo, na wewe unayesoma ukurasa huu hapa Migato huenda ni mmoja wao.

Sasa, kuna jambo hatulisemi sana. Wengine hatuhamii geto peke yetu. Kuna godoro, ndoo, jiko la mkaa, gunia la mahindi, halafu nyuma kabisa kuna mbwa. Kwetu Usukumani mbwa ni mlinzi wa zizi na rafiki wa mchungaji. Na kwa msichana anayelala peke yake kwenye chumba chenye komeo bovu, mbwa anayebweka usiku siyo anasa hata kidogo. Ni usalama wake.

Lakini mwenye nyumba akimwona tu, anauliza, “Na huyo je?” Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasema, “Huyo si wangu, amenifuata tu.” Au wanamleta usiku kimyakimya. Makala hii inataka kukuonyesha kwa nini kumficha mbwa kunaweza kuua mtu, na ufanye nini badala yake.

KWA NINI MWENYE NYUMBA ANAKATAA?

Tusimlaumu haraka. Ana sababu zake. Mbwa anaweza kung'ata watoto wa uani. Anaweza kula mayai na vifaranga vya jirani. Anaacha kinyesi njiani. Kama mwenye nyumba ni Mwislamu, kwake mate ya mbwa ni najisi, na hilo ni la kuheshimiwa. Lakini hofu kubwa kuliko zote ni moja: kichaa cha mbwa.

Hofu hiyo ni ya haki, na habari njema ni kwamba inaweza kuondolewa.

KICHAA CHA MBWA NI NINI?

Ni ugonjwa unaoletwa na virusi. Virusi hivyo hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akikung'ata, akikukwaruza, au akilamba kidonda chako, virusi huingia na kusafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Jeraha likiwa kichwani au usoni, njia ni fupi zaidi.

Na hapa ndipo pa kutisha. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kama vile kuogopa maji, kuchanganyikiwa na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Kati ya kila 10 wanaokufa, 4 ni watoto chini ya miaka 15.

Karibu wote waliambukizwa na mbwa, siyo fisi wala mbweha. Kwa hiyo ukimchanja mbwa, umemkinga na binadamu. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Sisi tunaoishi jirani na Serengeti tuna sababu ya ziada. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, unaofanana na surua, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Wataalamu waliona kwamba mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walihusika kuueneza, na baadaye kampeni za kuchanja mbwa zikaanzishwa katika vijiji hivyo. Ona basi, mbwa mmoja wa uani anaweza kugusa mbali kiasi gani!

MBWA WA KUFICHWA NI MBWA ASIYECHANJWA

Fikiri mwenyewe. Bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, wewe unayemficha mbwa utamtoaje hadharani? Hutamtoa. Mchana kutwa uko darasani, yeye amefungiwa ndani kwenye joto la bati, bila maji. Anakuwa mkali. Siku akiponyoka akamng'ata mtoto wa jirani, utaogopa kusema ni wako. Mama wa mtoto hatajua kama mbwa amechanjwa au la, wala hatajua amwangalie mbwa gani. Uongo mdogo wa kutaka chumba unageuka hatari ya kufa kwa mtoto wa mtu.

Wengine wakifunga shule wanamwacha azurure sokoni. Huko atapigana na mbwa wasiojulikana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inasema anayefuga mnyama ndiye mwenye wajibu wa kumtunza. Kuhama chumba hakufuti wajibu huo.

KABLA YA KULIPA KODI

1. Mchanje kwanza. Mwone bwana mifugo wa kata au kijiji. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Omba kadi au cheti, ukitunze pamoja na karatasi zako za shule.

2. Nenda na mzazi au mlezi. Kisheria mtu chini ya miaka 18 hawezi kufunga mkataba peke yake.

3. Sema ukweli mapema, kabla pesa haijatoka mfukoni. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

Mwanafunzi: Shikamoo mama.

Mama mwenye nyumba: Marahaba mwanangu. Chumba umekionaje?

Mwanafunzi: Nimekipenda mama. Lakini kabla baba hajalipa naomba nikueleze. Nina mbwa mmoja. Amechanjwa, kadi yake hii hapa.

Mama: Mbwa! Mimi nina wajukuu hapa, mwanangu.

Mwanafunzi: Nimewaona mama, ndiyo maana nimekuja kusema. Mchana atafungwa kule nyuma kwenye kivuli. Kinyesi nitazoa mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Mama: Na mkifunga shule?

Mwanafunzi: Naondoka naye.

Mama: Haya. Tujaribu mwezi mmoja, nikiona vurugu tutaongea.

4. Andikeni. Siyo lazima karatasi ya mwanasheria. Ukurasa wa daftari unatosha: kodi ni kiasi gani, mbwa ni mmoja, atafungwa wapi, nani anamlisha, chanjo itarudiwa lini, na akifanya uharibifu nani analipa. Mzazi na mwenye nyumba waweke sahihi, na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi.

5. Akikataa, kubali. Tafuta chumba kingine au mrudishe mbwa nyumbani. Hapana ya leo ni bora kuliko ugomvi wa kesho.

AKIMNG'ATA MTU, FANYA HIVI

• Osha jeraha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Ndiyo, robo saa nzima! Usipake pilipili, majivu wala ugoro.

• Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya binadamu haipatikani kila zahanati, kwa hiyo uliza uelekezwe. Siku hizi hachomwi mtu tumboni, mtu mzima anachomwa begani. Sindano zina tarehe zake, usiruke hata moja.

• Sema mbwa ni wa nani. Afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Lakini aliyeng'atwa asingoje siku hizo ziishe ndipo aende kutibiwa.

• Toa taarifa kwa bwana mifugo. Mbwa akifa au akilazimika kuuawa, kichwa kisipondwe, maana ubongo ndio unaopimwa.

NA WENYE PAKA NA KUKU?

Paka naye huweza kupata kichaa, kwa hiyo achanjwe pia. Kuku wasilale chini ya kitanda chako. Kinyesi chao kinaleta vijidudu vya kuharisha, na viroboto wao hawachagui nani wa kumuuma. Jenga kibanda kidogo nje, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Wachanje kuku dhidi ya mdondo, vinginevyo kuku wako wanaweza kumaliza kuku wa uani wote. Hapo hata kodi ukilipa mapema, amani hutaipata.

JIPIME: KWELI AU SI KWELI?

a) Mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali na atoke mapovu.
Si kweli. Wengine wanapooza na kuwa kimya. Mbwa yeyote aliyebadilika tabia ghafla, usimguse.

b) Kidonda kidogo hakihitaji hospitali.
Si kweli. Hata mkwaruzo unatosha kupitisha virusi.

c) Mbwa mdogo hawezi kuwa na kichaa.
Si kweli. Watoto wa mbwa nao huugua, na tunawabeba mikononi!

d) Kichaa cha mbwa kinaweza kuzuiwa.
Kweli kabisa. Kwa chanjo, sabuni na ukweli.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Klabu yenu ya afya shuleni inaweza kumwalika bwana mifugo siku hiyo, au kuhesabu mbwa wa mageto yote na kuandika ni wangapi wana kadi. Anzeni na wa kwenu.