Kambi ya Watunzi wa Televisheni: Shughuli na Istilahi Zake

Katika miaka ya karibuni wafasiri wetu wamekuwa wakiletewa karatasi za aina mpya: matangazo, fomu na mikataba ihusuyo watunzi wa televisheni wanaoteuliwa kukaa mahali pamoja kwa siku kadhaa, wakiandika chini ya uangalizi wa watunzi wazoefu. Makala haya yanakusudia kueleza shughuli hiyo ilivyo, kupima maneno ambayo yamekwisha kutumika kuitafsiri, na kupendekeza istilahi zinazofaa.

Yafaa tuanze na mfano utakaoonyesha kwamba jambo hili si la kupamba lugha tu. Tulipata kuletewa barua ya mwalimu mmoja wa shule ya sekondari aliyeteuliwa kuhudhuria shughuli ya namna hiyo kwa siku kumi. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba mwalimu huyo amealikwa kwenye "mapumziko ya waandishi wachanga", na kwamba aje na "mswada wa rubani". Ofisi aliyoiomba ruhusa ilisoma neno mapumziko, ikazihesabu siku kumi hizo katika likizo yake ya mwaka. Na kwa kuwa likizo yenyewe ilikuwa imekwisha, ombi likakataliwa. Huyo rubani naye alizidi kuitia barua mashaka, maana mwalimu alikuwa wa historia wala hakuwa na uhusiano wowote na ndege. Tulipomaliza kuisahihisha tafsiri, nafasi yake ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Hatuwezi kumlaumu ofisa aliyekataa. Yeye alisoma Kiswahili alichoandikiwa.

Chanzo cha upungufu huu kinajulikana. Istilahi zetu za utangazaji zilikua pamoja na redio. Wasikilizaji wa "Pwagu na Pwaguzi" walikuwa na maneno ya kutosha: kipindi, mchezo, mtangazaji, msikilizaji. Televisheni ilitufikia kwa vipindi mbalimbali. Kenya iliipata mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo maneno mengi ya utunzi wa televisheni yaliingia kwa haraka, tena kupitia midomo ya watazamaji na mafundi kabla ya kufika katika kamati za istilahi.

Shughuli tunayoizungumzia ina historia yake. Mwaka 1981 mwigizaji na mwongozaji wa filamu wa Marekani, Robert Redford, alianzisha Sundance Institute katika milima ya jimbo la Utah, ambako watengenezaji filamu wasiojulikana walikusanywa mbali na miji ili wafanye kazi pamoja na mabingwa. Mwaka 2014 taasisi hiyo iliongeza shughuli maalumu kwa ajili ya watunzi wa televisheni. Kwa upande wa Afrika ya Mashariki, Mira Nair, mwongozaji wa filamu ya "Mississippi Masala" ya mwaka 1991, alianzisha mpango wa namna hiyo mjini Kampala mwaka 2004 kwa ajili ya vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Mpango huo aliupa jina la Kiswahili: Maisha. Ni ajabu kidogo kwamba shughuli iliyobeba jina la lugha yetu bado haijapata maneno thabiti ndani ya lugha hiyo.

Mwenendo wa shughuli yenyewe ni huu. Mtunzi hupeleka mswada wa sehemu ya kwanza ya hadithi anayotaka iwe mfululizo. Wasomaji huichambua miswada, na watunzi wachache huteuliwa. Wakifika mahali pa mkutano, kila mmoja huketi na mtunzi mzoefu, wawili peke yao, wakaupitia mswada ukurasa kwa ukurasa. Siku nyingine huketi pamoja na kuijenga hadithi ya mmoja wao kama wafanyavyo watunzi wa kituo cha televisheni. Mwisho hujizoeza kuieleza hadithi kwa maneno machache mbele ya watu wenye uwezo wa kuinunua. Mtunzi hatazamiwi kurudi nyumbani na cheti. Hutazamiwa kurudi na mswada ulio bora kuliko ule aliokwenda nao.

Sasa tuyapime maneno. La kwanza ni jina la shughuli yenyewe. "Mapumziko" limekwisha kutuonyesha madhara yake. "Semina" halifai, kwani semina ni ya kusikiliza mada, na hapa hakuna mada inayotolewa. Wengine wametumia "mafungo", neno zuri ambalo Wakristo wanalo kwa maana ya kujitenga kwa sala, kama Waislamu walivyo na "itikafu". Lakini maneno yote mawili yamekwisha kushika maana ya ibada, wala si vema kuyanyang'anya. "Maabara", lililotokana na jina ambalo baadhi ya waandalizi wenyewe wanalitumia, humpeleka msomaji kwenye darubini na vipimo vya damu. Sisi tunaona kwamba neno "kambi" linatosha. Tunafahamu kwamba lina kumbukumbu za askari na za wakimbizi. Hata hivyo, kila msomaji wa magazeti anaelewa habari isemayo kwamba timu ya taifa imeingia kambini: wachezaji wameteuliwa, wametengwa na shughuli za nyumbani, wako chini ya mwalimu, na wanafanya kazi. Hakuna ofisi itakayodhani kwamba mchezaji aliye kambini anapumzika. Basi na tuseme "kambi ya utunzi".

La pili ni mtunzi mzoefu anayemwongoza mwenzake. "Mshauri" ni neno la karibu, lakini katika ofisi zetu mshauri, hasa mshauri mwelekezi, ni mtaalamu anayekodiwa, akatoa ripoti, akalipwa, akaenda zake. "Mwalimu" humfanya mtunzi aliyeteuliwa kuwa mwanafunzi, naye si mwanafunzi. Baadhi ya wenzetu wa pwani walipendekeza "kungwi" au "somo", kwa hoja kwamba hao ndio hasa waliomtoa mtu katika hali moja na kumwingiza katika nyingine. Hoja hiyo ina nguvu, lakini kungwi amefungamana na siri za unyago, na somo lina maana nyingine mbili zinazojulikana zaidi. Tunapendekeza "mlezi", kwa kuwa tayari tunaye mlezi wa chama na mlezi wa kikundi cha vijana shuleni: mtu aliye karibu, asiyemiliki kazi ya anaowalea, na ambaye kazi yake imefaulu pale asipohitajiwa tena. Lakini mtunzi mwenyewe asiitwe "anayelelewa", maana huenda ni mtu mzima mwenye wajukuu. Yeye aitwe "mshiriki mteule".

Hapo ndipo linapoingia la tatu, yaani sifa ya mtunzi ambaye jina lake halijajulikana. "Mchanga" ni neno la umri na la udhaifu. "Chipukizi" nalo limezoeleka kwa vijana. Matangazo ya kambi hizi kwa kawaida hayazungumzii umri, bali hatua ya kazi. Mtu aliyefundisha miaka 25 kisha akaandika mswada wake wa kwanza yumo. Akisoma "chipukizi" atadhani hatakiwi, nayo itakuwa hasara kwake na kwa hadithi zetu. Tunapendekeza "mtunzi anayeinukia".

La nne ni andiko lenyewe. "Mswada" limezoeleka, nasi hatuoni sababu ya kuliacha, lakini watumishi wa serikali watakumbuka kwamba bungeni nako husomwa miswada. Kwa sababu hiyo, katika barua rasmi na iandikwe kwa ukamilifu "mswada wa televisheni" mara ya kwanza. Neno "tamthilia" lina utata mwingine. Kwa mwalimu wa fasihi ni utanzu wa tungo za kuigizwa. Kwa mtazamaji wa leo ni hadithi ya televisheni inayoendelea usiku hata usiku. Matumizi yote mawili yamekwisha kukita mizizi. Mfasiri aseme "tamthilia ya televisheni" panapokuwa na hatari ya kuchanganya.

La tano ni mgawanyo wa hadithi. Watazamaji wameamua kwamba kila jioni huonyeshwa "sehemu", na kwamba sehemu za mkupuo mmoja ni "msimu". Hatuna budi kuufuata uamuzi huo. Tatizo ni kwamba baadhi ya michezo ya kuigiza iliyochapishwa huita "sehemu" kile ambacho michezo mingine hukiita "tendo". Katika televisheni, basi, tutumie mpango huu: msimu una sehemu, sehemu ina matendo, na tendo lina maonyesho. Sehemu ile ya kwanza, inayoandikwa ili kuonyesha jinsi hadithi itakavyokuwa, isiitwe ya rubani. Wala isiitwe "kipindi cha majaribio", kwa kuwa kila mtumishi anajua kwamba hicho ni kipindi cha kabla ya kuthibitishwa kazini. Iitwe "sehemu tangulizi".

La sita linagusa haki za watu, nalo lataka uangalifu mkubwa zaidi. Katika desturi ya Marekani kiongozi wa mfululizo ni mtunzi ambaye pia anasimamia utengenezaji. Kumwita "mtayarishaji" ni kuuficha utunzi wake, na kumwita "mwongozaji" ni kumpa kazi ya mtu mwingine. Tunapendekeza "mtunzi kiongozi". Kundi analoliongoza limetafsiriwa "chumba cha waandishi", hata mshiriki mmoja akadhani ni malazi. Hilo ni "jopo la watunzi". Chama cha waandishi wa filamu na televisheni cha Marekani kilipogoma tangu tarehe 2 Mei mpaka mwishoni mwa Septemba 2023, moja ya madai yake lilikuwa idadi ya chini ya watunzi katika jopo. Anayelisoma dai hilo kama la vyumba hatalielewa kamwe. Vilevile mkataba hutenganisha "mbunifu wa mfululizo" na "mwandishi wa sehemu". Wa kwanza aweza kustahili malipo hata kwa sehemu zilizoandikwa na wengine. Mfasiri anayewaita wote wawili "mwandishi" amefuta haki ya mtu kwa kalamu yake.

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo:

kambi ya utunzi: makazi ya muda ya watunzi walioteuliwa, kwa ajili ya kuandika chini ya walezi;
mlezi: mtunzi mzoefu anayemwongoza mshiriki;
mshiriki mteule: mtunzi aliyechaguliwa kuingia kambini;
mtunzi anayeinukia: mtunzi ambaye kazi zake hazijajulikana, awe na umri wowote;
sehemu tangulizi: sehemu ya kwanza inayoandikwa kuwa kielelezo cha mfululizo;
kabrasha la mfululizo: maandishi yanayoeleza wahusika, mahali na mwendo wa hadithi nzima;
kunadi hadithi: kuieleza hadithi kwa ufupi mbele ya wanunuzi;
mtunzi kiongozi: mtunzi anayesimamia pia utengenezaji wa mfululizo;
jopo la watunzi: kundi linalojenga hadithi pamoja;
mbunifu wa mfululizo: mtu aliyeubuni mfululizo, hata kama sehemu zake zimeandikwa na wengine.

Hatudai kwamba mapendekezo haya yamefunga mjadala. Walimu watayajaribu darasani, wafasiri watayajaribu katika mikataba, na maofisa katika barua za ruhusa. Neno litakalokataliwa na wote watatu halitakuwa na maisha. Tunawaomba wasomaji watuletee maneno wanayoyasikia kwa watunzi wenyewe, pamoja na sentensi ambamo yametumika. Mwalimu yule, kwa bahati njema, aliomba tena mwaka uliofuata. Barua yake ilisema kambi, naye akapewa ruhusa.